Akiba Haiozi: Kujiandaa kwa Siku za Dhiki

Mkulima wa kahawa katika miteremko ya Kilimanjaro hupokea fedha mara chache kwa mwaka, lakini hula kila siku. Bei ya zao lake haipangwi Kibosho, Uru wala Marangu. Mvua na baridi za Brazili, pamoja na soko la New York, zina nguvu juu ya bei hiyo kuliko jasho lake. Mambo hayo mwanachama hana uwezo nayo. Alicho na uwezo nacho ni kujiandaa kabla dhiki haijapiga hodi, na maandalizi hayo hayana budi kufanywa wakati wa neema.

MAFUNZO YA MIAKA ILIYOPITA

Mwezi Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazili, na bei ya kahawa duniani ikapanda hadi kufikia kilele mwaka 1977. Neema hiyo haikudumu. Mwaka huohuo wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mwaka 1978 vikazuka vita vya Kagera. Na mwaka 1979 bei ya mafuta ya petroli ikapanda tena. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1980, sabuni, sukari, mafuta ya taa na nguo vilikuwa adimu nchini kote. Mtu aliweza kuwa na noti mfukoni asipate cha kununua. Kaya iliyokuwa na migomba iliyotunzwa, maharage ghalani na ng'ombe wa maziwa zizini ilikula. Iliyotegemea duka peke yake ilitaabika.

Katika kipindi hichohicho chama kikuu chenyewe hakikuwapo. KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, kilifutwa mwaka 1976 pamoja na vyama vikuu vingine vya ushirika nchini, kikarejea mwaka 1984 baada ya sheria mpya ya ushirika ya mwaka 1982. Kwa miaka minane mkulima hakuwa na chombo chake kikuu. Basi ni dhahiri kwamba kujitegemea, neno lililopewa uzito na Azimio la Arusha mwaka 1967, hakuna budi kuanzie nyumbani na katika chama cha msingi.

Pigo jingine lilikuja Julai 1989, mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipoacha kugawa viwango vya mauzo kwa kila nchi. Kabla mwaka haujaisha bei ilikuwa imeshuka kwa karibu nusu. Wapo waliotelekeza mibuni, na wapo walioing'oa. Bei ilipopanda mwaka 1994, baada ya baridi nyingine ya Brazili, aliyeng'oa hakuwa na la kuvuna, kwa kuwa mbuni mchanga huhitaji miaka mitatu au zaidi ili uzae vizuri. Hapo ndipo maana halisi ya akiba inapoonekana: humpa mtu muda wa kungoja, asije akafanya kwa haraka jambo litakalomgharimu miaka.

AKIBA YA CHAKULA

Hesabu ya chakula ni nyepesi, lakini ni kaya chache zinazoifanya. Tuseme kaya ina watu sita, na kila mmoja hula nusu kilo ya mahindi kwa siku. Hizo ni kilo 3 kwa siku, au kilo 90 kwa mwezi, karibu gunia moja. Ikiwa ndizi za kihamba zinatosha nusu ya mlo, gunia hilo litafika miezi miwili. Basi kaya hiyo yahitaji magunia sita kwa mwaka, mbali na maharage. Anayeuza mahindi ya shamba la tambarare mara baada ya mavuno, bila kutenga kiasi hicho kwanza, atayanunua tena wakati wa masika kwa bei ya juu.

Kuweka si kurundika. Mahindi yakaushwe barabara, yapukuchuliwe na kupepetwa kabla ya kuhifadhiwa. Tangu miaka ya mwanzo ya 1980 nchi yetu imesumbuliwa na dumuzi, mdudu ambaye wananchi walimwita Skania, na ambaye hupenda hasa mahindi yaliyoachwa katika magunzi. Gunia lisilopitisha hewa, au dawa iliyopendekezwa na bwana shamba, huokoa chakula cha miezi mingi. Kadhalika mifongo isafishwe kabla ya kiangazi, kwa maana mgomba uliokosa maji haungoji kikao.

AKIBA YA FEDHA

Njia iliyo rahisi ni kutenga fungu moja katika kila mafungu kumi, tena siku ileile ya malipo, kabla fedha haijafika dukani. Kaya inayopata shilingi 1,200,000 kwa msimu itatenga 120,000. Baada ya misimu mitatu itakuwa na 360,000 bila kuhesabu faida. Fedha hizo ziwekwe katika chama cha akiba na mikopo au benki, mbali na fedha za pembejeo.

Mume na mke wapatane mapema ni mambo gani yatakayofungua akiba hiyo: ugonjwa, njaa, au kuokoa shamba. Sherehe si mojawapo. Asiye na akiba hulazimika kuuza kahawa ingali mtini, kwa bei anayoitaka mnunuzi. Hapo hupoteza zao la mwaka, na malipo ya pili hayamhusu tena.

SHAMBA LENYEWE

Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipanda sana duniani, na Serikali ikaanzisha ruzuku katika msimu wa 2022/23. Ruzuku ni msaada, lakini samadi ya zizini na matandazo ya migomba ni mali ya mkulima mwenyewe. Vilevile, miche bora ya kituo cha utafiti cha Lyamungo, inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, hupunguza gharama ya dawa. Kila gharama iliyopunguzwa ni akiba pia.

WAJIBU WA CHAMA

Chama nacho ni kaya kubwa. Sheria inakitaka kitenge sehemu ya ziada yake kuwa akiba. Fungu hilo si la posho wala la kuziba upungufu wa mizani. Katibu wa chama ahakikishe mambo haya:

(a) Kila mwanachama ana stakabadhi za kilo alizoleta, na zinalingana na daftari la chama.

(b) Nakala ya orodha ya wanachama, hisa na madeni huhifadhiwa mahali pa pili, mbali na ofisi, kwa hofu ya moto au wizi.

(c) Mkutano mkuu husomewa deni lote la chama, kwa tarakimu, kabla ya kuombwa kuidhinisha mkopo mpya.

Chama chenye vitabu safi hukopesheka wakati wa dhiki. Chama chenye vitabu vichafu huanguka kwa upepo wa kwanza.

Mwezi Februari 2025 bei ya kahawa ya arabika huko New York ilivuka dola 4 kwa ratili, bei ambayo haikuwahi kuonekana. Waliokumbuka mwaka 1977 walijua nini hufuata. Kwa hiyo inafaa kila chama cha msingi kiweke katika ajenda ya mkutano wake mkuu swali moja: ikiwa bei itashuka kwa nusu msimu ujao, kaya ngapi za wanachama zitakula hadi mavuno mengine? Jibu lihesabiwe kaya kwa kaya, liandikwe katika muhtasari, na lisomwe tena mwaka unaofuata.