Uvimbe wa shingo hausubiri: Ukweli kuhusu tiba mpya ya seli kwa saratani ya koo

Familia ya Garsen, Ngao au Kipini ikiambiwa kwamba mgonjwa wao ana saratani ya koo iliyosambaa, mambo mawili hufuata haraka. La kwanza ni kikao cha ukoo: nani atachanga nini, ng'ombe wangapi wauzwe, shamba la maembe liwekwe rehani au liachwe. La pili ni simu. Kijana wa nyumbani aliye Mombasa au Jeddah atatuma video inayosema siku hizi kuna tiba ya seli: mgonjwa hutolewa damu, askari wa mwili wakafundishwa kazi, wakarudishwa, na saratani ikayeyuka.

Video hizo si uongo mtupu. Tiba hiyo ipo na imewasaidia watu. Lakini kati ya tiba kuwepo na tiba kumfikia mgonjwa aliyelazwa Hola pana masafa marefu, na familia inayoyajua masafa hayo itaamua vyema zaidi kabla ya kufungua zizi.

Saratani iletwayo na virusi

Saratani nyingi za kinywa na koo hutokana na tumbaku, iwe ya kuvuta au ya kutafuna, tambuu na pombe. Lakini zipo ambazo chanzo chake ni virusi, na virusi vyenyewe ni vya aina mbili.

Vya kwanza ni virusi vya papiloma, maarufu kama HPV. Hivi ndivyo vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi kwa kina mama. Huambukizwa kwa kugusana kimwili, na vikiingia kinywani vinaweza kukaa kwenye mafindofindo au shina la ulimi na kuleta saratani miaka mingi baadaye, kwa mwanamume au mwanamke. Watu wengi huvipata na miili yao ikaviondoa bila wao kujua.

Vya pili huitwa Epstein-Barr. Hivi hupita kwenye mate, na karibu kila mtoto wetu huvipata angali mdogo bila kudhurika. Kwa wachache, vinahusika na saratani inayoota nyuma ya pua, juu ya koo. Kwa watoto wa sehemu zenye malaria nyingi, kama ukanda wa ziwa Victoria na Pwani, vinahusika na uvimbe wa taya uitwao Burkitt.

Hapa pana historia ambayo wengi hatukufundishwa. Uvimbe huo wa taya ulielezwa mwaka 1958 na daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala. Vipande vya nyama za watoto wa Uganda vilisafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kwamba wameviona virusi ndani yake. Jijini Nairobi, daktari wa masikio, pua na koo, Peter Clifford, alikuwa akitibu wagonjwa wa saratani ya nyuma ya pua. Alikuwa miongoni mwa watafiti ambao mwaka 1966 walionyesha kwamba damu ya wagonjwa wa saratani hiyo ilikuwa na dalili za kupambana na kitu kile kile kilichoonekana kwa wenye uvimbe wa Burkitt. Kwa hivyo elimu hii haikutoka ng'ambo peke yake. Wagonjwa wa Afrika Mashariki waliichangia kwa miili yao.

Askari anayefundishwa kusoma chapa

Mfugaji wa Tana Delta hutambua ng'ombe wake kwa chapa au kwa mkato wa sikio, hata zizi likijaa ng'ombe wa watu. Tiba ya seli hufuata akili hiyo hiyo.

Ndani ya damu zetu kuna askari waitwao seli za T, ambao kazi yao ni kusaka na kuua seli zilizoharibika. Saratani huwaponyoka kwa sababu imetokana na mwili wenyewe na hufanana nao. Ila saratani ya HPV ina udhaifu: haiwezi kuishi bila protini za virusi vilivyoizaa, moja ikiitwa E7. Seli nzima ya mwili haina E7. Hiyo ndiyo chapa.

Wataalamu humtoa mgonjwa damu na kutenga seli zake za T. Maabarani, kwa kutumia virusi vilivyoondolewa makali, huziingizia jeni inayozipa kipokezi kipya, yaani jicho la kuiona E7. Kisha huzizalisha mpaka zifike mabilioni. Mgonjwa hupewa dawa kali za kemo ili kuwapisha askari wapya, halafu hurudishiwa seli zake kwa dripu pamoja na dawa ya kuzichochea. Hukaa hospitalini akiangaliwa kwa karibu, maana damu hupungua, maambukizi huweza kuingia na presha ikashuka ghafla.

Matokeo yake ni yapi? Mwaka 2021 timu ya Christian Hinrichs nchini Marekani ilichapisha majaribio ya tiba hii kwa wagonjwa 12 wenye saratani za HPV zilizosambaa, zikiwemo za koo na za mlango wa kizazi. Wote walikuwa wameshatibiwa kwa njia nyingine na ugonjwa ukarudi. Kwa wagonjwa 6 kati yao, uvimbe ulipungua kwa kiasi kikubwa. Kwa watu walioishiwa na dawa, hilo ni jambo kubwa. Lakini tusome namba kama zilivyo: nusu hawakusaidika hivyo, na kupungua kwa uvimbe si sawa na kupona.

Kwa saratani ya nyuma ya pua, habari ni za kutuliza zaidi. Wagonjwa 330 wa nchi za Asia na Marekani walishiriki utafiti mkubwa uliolinganisha kemo pekee na kemo ikifuatwa na seli za T zilizofunzwa kuvitambua virusi vya Epstein-Barr, bila kubadilishwa jeni. Waliopata seli hawakuishi muda mrefu kuliko wenzao.

Masafa yaliyopo

Kikwazo cha kwanza ni kwamba kwa saratani za koo za virusi, tiba hii bado iko kwenye majaribio. Haiuzwi kama dawa ya kawaida. Mtu anayekuambia ulipe uwekewe nafasi hospitali fulani, ilhali hawezi kutaja jina la utafiti wala daktari anayeusimamia, anataka ng'ombe zako.

Kikwazo cha pili ni maumbile. Kipokezi kilichotumika kwenye majaribio yale ya E7 hufanya kazi kwa mwenye aina moja tu ya tishu, na aina hiyo hupatikana zaidi kwa Wazungu kuliko kwa Waafrika. Mgonjwa wetu anaweza kufika mpaka mlangoni na damu yake ikamkatalia.

Kikwazo cha tatu ni bei. Tiba ya kwanza ya seli za T zilizobadilishwa jeni, Kymriah, iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa saratani ya damu, kwa dola 475,000. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 60 za Kenya. Mwaka 2024 iliidhinishwa Tecelra, kwa saratani adimu ya tishu laini, kwa dola 727,000. India iliidhinisha tiba yake ya seli mwaka 2023 kwa takriban dola 50,000, na hilo linaonyesha bei inaweza kushuka. Lakini hiyo nayo ni ya saratani za damu. Anayesafiri India kwa sababu ya uvimbe wa koo akidhani ataipata, atarudi na deni.

Kilicho karibu nasi

Sasa tuje kwenye linaloniuma zaidi. Tunazungumzia tiba ya mwisho wa safari, ilhali maisha mengi huokolewa mwanzoni mwake. Saratani ya koo ya HPV na ile ya nyuma ya pua zikigunduliwa mapema husikia mionzi na kemo vizuri, na wengi hupona. Burkitt hupona kwa kemo, ila hukua kwa kasi ya ajabu. Inaweza kuongezeka maradufu kwa siku chache tu. Kusubiri mwezi mzima ukipaka dawa za miti ni kumpa adui mwezi mzima.

Nenda zahanati ukiona mojawapo ya haya kwa zaidi ya wiki tatu: uvimbe shingoni hata kama hauumi, hasa kama hauumi, pua kuziba upande mmoja au kutoka damu mara kwa mara, sikio moja kupoteza usikivu, koo kuuma au chakula kukwama, sauti kukwaruza, kidonda cha mdomoni kisichopona. Kwa mtoto, taya ikivimba au meno yakilegea, usihesabu wiki. Mpeleke siku hiyo hiyo.

Ukipewa dawa za maambukizi na uvimbe ubaki palepale, rudi na useme wazi: "Daktari, naomba nipelekwe kwa mtaalamu wa masikio, pua na koo, nipimwe kinyama." Bila kipimo cha kinyama hakuna anayeweza kukuambia ni saratani au si saratani, wala ni ya virusi gani. Safari hiyo huanzia Ngao au Hola na mara nyingi huishia Mombasa, zaidi ya kilomita 200 kutoka Garsen, kwa barabara ambayo mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yalitukumbusha kwamba hukatika. Ndiyo maana kujisajili SHA kabla ya ugonjwa si hiari. Na ndiyo maana viongozi wetu wa kaunti tuwaulize kuhusu gari la rufaa na kliniki za mtaalamu kuja kwetu, badala ya kuwasubiri kwenye harambee za matanga.

Liko pia lililo bure. Chanjo ya HPV ilizinduliwa kitaifa papa hapa Mombasa Oktoba 2019, na hutolewa kwa wasichana kuanzia miaka 10. Inalenga aina namba 16, ambayo ndiyo chanzo cha saratani nyingi za koo za HPV. Utafiti uliofanywa Kenya kwa wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, matokeo yake yakatoka 2022, ulionyesha kwamba hata dozi moja huzuia maambukizi ya kudumu kwa zaidi ya asilimia 95 katika mwaka mmoja na nusu wa kwanza. Maneno ya kwamba inafunga uzazi hayana msingi. Mzazi anayemnyima bintiye sindano hiyo leo anaweza kuja kuuza ng'ombe kwa ajili yake baadaye.

Tiba ya seli itaendelea kuboreshwa, na ninaamini siku moja itafika kwetu kwa bei ya kibinadamu. Mpaka siku hiyo, familia ikikaa kikao na iulize maswali matatu kabla ya kuuza kitu: Kinyama kimepimwa? Mionzi na kemo za hapa nchini zimeshajaribiwa? Na huyu anayetuahidi seli, utafiti wake unaitwaje na unasimamiwa na nani? Jibu la swali lolote likikosekana, ng'ombe wabaki zizini kwanza, na mgonjwa apelekwe Mombasa.