Kazi ya Usiku Inapogoma: Kusaka Hitilafu za Ratiba katika Windows XP

Kazi ambayo kompyuta imepangiwa kujifanyia yenyewe, kama kunakili hesabu za duka kila usiku, ikishindikana haipigi kelele. Hakuna dirisha linalofunguka kulalamika, na hata lingefunguka, usiku huo hakuna mtu mbele ya skrini. Kasoro hugunduliwa siku diski inapokufa, ndipo nakala ya mwisho inakutwa ni ya miezi mingi nyuma. Hali hii huikumba zaidi Windows XP, mfumo endeshi uliotoka mwaka 2001 na kuachwa na Microsoft Aprili 8, 2014, lakini ambao bado unakutwa kwenye kompyuta za kaunta, za stoo na zile zilizofungwa kwenye mitambo ya zamani. Huduma inayosimamia ratiba humo huitwa Task Scheduler, na kila kazi huhifadhiwa kama faili la .job katika folda ya C:\Windows\Tasks.

Watu wengi hukimbilia kuifuta kazi na kuiunda upya, na hapo ndipo wanapopoteza ushahidi. Kwanza lisomwe faili la SchedLgU.Txt lililomo ndani ya C:\Windows, ambamo huduma huandika kila inachokifanya. Faili hili hufika kilobaiti 32 tu. Likijaa, maandishi mapya huanza tena kuandikwa juu, hivyo habari ya karibuni si lazima iwe mwishoni. Mstari wenye nyota ndio unaoonyesha ilipoishia. Kama kazi haikutajwa kabisa, shida iko kwenye saa au huduma yenyewe imezimwa, na amri ya net start schedule huiamsha. Kama imeandikwa kwamba ilishindwa kuanza, ya kuchunguzwa ni akaunti au mahali faili la programu lilipo. Ikiwa ilianza ikamalizika kwa namba isiyo sifuri, kwa kawaida tatizo limo ndani ya programu iliyoitwa.

Saa ndiyo inayodharauliwa kuliko yote. Betri ndogo ya duara kwenye ubao mama, mara nyingi aina ya CR2032, ikiisha nguvu, kompyuta iliyozimwa umeme huamka na tarehe ya miaka mingi iliyopita, na XP hukataa kusawazisha saa kwa intaneti tarehe inapokuwa si sahihi. Kuna pia suala la majira ya saa ya eneo (time zone). XP ya toleo la Marekani huja imewekwa majira ya pwani ya magharibi ya nchi hiyo, yaliyo nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 10 au 11 kutegemea msimu. Fundi akisahihisha saa kwa mkono bila kugusa majira, mambo huonekana shwari hadi kompyuta ipate intaneti na kujisawazisha. Tangu hapo kazi ya saa nane usiku huanza saa sita au saa saba mchana, wateja wakiwa wamejaa dukani na faili la hesabu likiwa wazi. Kompyuta isipokuwa na intaneti, saa yake bado itaruka saa moja mara mbili kwa mwaka, kwa kufuata kanuni za Marekani zisizohusika kabisa na Dar es Salaam au Mombasa. Tena wapo wanaotaka saa mbili usiku wakaandika 2:00 AM, ambayo ni saa nane usiku.

Akaunti nayo ina mitego yake. Kazi huendeshwa kwa jina na nywila iliyotolewa siku ilipoundwa. Mwenye akaunti akibadili nywila, ratiba haiambiwi; hubaki na ile ya zamani na kukataliwa kila usiku, mara nyingi kwa namba 0x8007052E. Dawa ni kufungua sifa za kazi na kuingiza nywila mpya. Akaunti isiyo na nywila, jambo la kawaida kwenye kompyuta za familia na maduka madogo, pia huzuiwa: kwa kawaida XP huiruhusu tu kwa mtu aliyekaa mbele ya mashine.

Kubofya faili la programu mara mbili na kuliona likifanya kazi si jaribio la kutosha, kwa sababu hapo linatumia ruhusa za aliyebofya. Kazi ijaribiwe kutoka ndani ya folda ya ratiba. Mara nyingi itabainika kwamba inatafuta diski ya mtandao yenye herufi Z, ambayo ipo tu mtumiaji yule anapokuwa ameingia. Badala ya herufi, liandikwe jina kamili la sava na folda yake. Njia yenye nafasi katikati, kama C:\Program Files, iwekwe ndani ya alama za kunukuu.

Visanduku vya mipangilio navyo vipitiwe: kimoja huzuia kazi kompyuta mpakato inapotumia betri, kingine husubiri mashine isiwe na shughuli. Zikikutwa kazi zenye majina kama At1 na At2 ambazo hakuna aliyezipanga, ratiba iachwe kwanza na kirusi kisakwe. Conficker, kilichojulikana Novemba 2008, kilijisambaza kwa kupandikiza kazi za namna hiyo.

Umeme ukikatika saa ya kazi, XP haitairudia. Ina uwezo wa kuarifu tu kwamba kazi ilipitwa. Uwezo wa kuifanya mara mashine inapowaka ulikuja na Windows Vista. Cron, huduma ya ratiba ya mifumo ya Unix, ina upungufu uleule, na kwenye Linux programu ya anacron ndiyo iliyoletwa kuuziba. Mwenye XP anaweza kuipangia kazi ianze kila kompyuta inapowashwa, au kuisogeza hadi mchana, muda ambao mashine huwa imewaka.