Kuvuka, Kuvusha na Kulazimika: Utashi Huru Mpakani Busia

Je, mtu aweza kulaumiwa kwa tendo ambalo hakuona njia ya kulikwepa? Swali hili la wanafalsafa ni la kale, lakini wakazi wa Busia na Tororo walilikabili kwa vitendo miaka ya 1970, enzi ya magendo.

Mwaka 1975 jalidi iliharibu mibuni ya Brazili, na bei ya kahawa duniani ikapanda mno. Wakati huo mkulima wa Uganda alilipwa bei ndogo, kwa shilingi iliyokuwa ikipoteza thamani. Kahawa ikavuka kwenda Kenya, ingawa amri ya Idi Amin ya mwaka 1975 kuhusu makosa ya uchumi iliruhusu hata adhabu ya kifo.

Hebu tuangalie sarufi. "Kahawa ilivuka" humficha mtendaji. "Niliivusha" humweka wazi. Mvushaji aweza kujitetea kwa njia mbili. Akisema "nililazimika", hamtaji mtu. Hali ndiyo iliyombana, pengine njaa ya watoto. Akisema "nililazimishwa", yuko mwingine aliyemlazimisha, mathalani askari mwenye bunduki, naye huyo hubeba sehemu kubwa ya lawama.

Wapo wasemao kwamba kila tendo huzaliwa na visababishi vilivyotangulia: jalidi, bei, njaa. Kwa hiyo mvushaji hana hatia kuliko gunia alilobeba. Hata tukikubali visababishi hivyo, mfano wa gunia haufai. Gunia halipimi faida na hatari. Mvushaji alipima, na uamuzi wake ulikuwa mmojawapo wa visababishi.

Aristotle alitoa mfano wa nahodha anayetupa shehena baharini ili kuokoa chombo katika dhoruba. Asingependa kuitupa, lakini ameamua mwenyewe, na mwenye busara hamlaumu. Vivyo hivyo, "nililazimika" haina maana ya "sikutenda". Ni ombi la kupimwa pamoja na dhoruba iliyokuwapo. Aliyevusha gunia moja ili watoto wale hapimwi sawa na tajiri aliyevusha malori.

Kwa hiyo, tunapofundisha kauli za vitenzi, tuwaulize wanafunzi pia nani anawajibika katika kila sentensi. Wahenga walinena: lisilo budi hutendwa. Hawakusema hutendeka. Penye kutendwa, yuko mtendaji.