Siku 27 za Kuichokoza Teiksobaktini

Antibayotiki mpya ikitangazwa, wengi huuliza kama inaua bakteria. Hata jiki huwaua. Mimi ningeuliza kwanza kama watafiti wameichokoza dawa yao vya kutosha ili ishindwe. Kwa kipimo hicho naiheshimu teiksobaktini, iliyotangazwa Januari 2015 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Boston, na wenzao. Inatokana na bakteria wa udongoni wa aina ambayo maabara hazikuwa zimeweza kuikuza, hadi walipomfungia katika vitundu vya kifaa kilichofukiwa kwenye udongo wenyewe. Baada ya hapo walimkuza Staphylococcus aureus, bakteria wa majipu na vidonda, kwa siku 27 katika dawa isiyotosha kumuua, mazingira yanayolea usugu hasa. Sambamba, walimkuza mwenzake katika ofloksasini, dawa ya siku nyingi. Huyo akawa sugu hadi kumzuia kukahitaji mara 256 ya kiwango cha awali. Kwenye teiksobaktini usugu haukuzuka. Ulinganisho huo ndio uti wa mgongo wa jaribio, maana bila huo tusingejua kama bakteria wale walikuwa na uwezo wowote wa kubadilika.

Ipo sababu pia. Dawa nyingi hushika protini, na badiliko dogo la jeni hutosha kuigeuza protini ile dawa isiitambue. Teiksobaktini hushika malighafi za mafuta ambazo bakteria hujengea ukuta wake, na hizo haziandikwi moja kwa moja katika jeni. Atakayesema siku 27 ni chache mbele ya miaka ya matumizi hospitalini anasema kweli. Vankomaisini nayo hushika malighafi hiyohiyo, ingawa mahali pengine, na usugu dhidi yake ulijitokeza takriban miaka 30 baada ya kuanza kutumika 1958. Kwa hiyo jaribio halikuahidi umilele. Lilionyesha kwamba njia ya mkato ya kuwa sugu haikuonekana.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kisahani cha maabara si mwili. Panya walioambukizwa Staphylococcus sugu, kwa kiasi ambacho kingewaua wengi wao, waliokolewa na dawa hii, lakini panya si binadamu. Tena E. coli, anayesababisha maambukizi mengi ya njia ya mkojo, ana utando wa nje unaoizuia teiksobaktini kufika ilipo kazi yake. Watafiti walilichapisha hilo pamoja na ushindi wao, na kwa daktari anayemtibu mgonjwa wa E. coli sugu, hiyo ndiyo taarifa anayoihitaji kabla ya nyingine zote.