Kamera za CCTV Madukani: Zijue Haki Zako

Ukiingia supamaketi, benki, hoteli au kituo cha mafuta, huenda ukarekodiwa kabla hata hujahudumiwa. Wenye biashara huweka kamera kuzuia wizi, na sheria inawaruhusu. Hata hivyo, kuingia katika jengo la mtu hakukuondolei haki ya faragha, inayolindwa na Kifungu cha 31 cha Katiba.

Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, picha inayoweza kukutambulisha ni data yako ya kibinafsi.

Mwenye kamera anatakiwa:

• Kuwajulisha watu kwamba wanarekodiwa, na kwa sababu gani. Bango mlangoni linatosha kuanzia.
• Kurekodi yanayohitajika tu. Kamera inayoelekezwa kwenye kaunta ya malipo ina sababu. Inayochungulia chumba cha kujaribia nguo haina.
• Kuzilinda rekodi, na kuzifuta zisipohitajika tena.
• Kujisajili na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kanuni za 2021 zinataja kamera za usalama, kwa hivyo hata biashara ndogo haisamehewi.

Picha iliyochukuliwa kwa usalama isigeuzwe tangazo wala kichekesho cha WhatsApp. Mnamo Septemba 2023, Ofisi hiyo iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Haikuwa picha ya CCTV, lakini kanuni ni ile ile.

Ufanye nini?

Ukitaka kuona rekodi inayokuhusu, mwandikie mwenye biashara ukitaja tarehe, saa na mavazi uliyovaa. Anapaswa kukujibu ndani ya siku 7, bila malipo. Anaweza kuficha nyuso za watu wengine, kwani nao wana haki kama yako. Usikawie: mitambo mingi hufuta rekodi za zamani yenyewe, na ushahidi wako ukapotea.

Akikataa, au picha yako ikisambazwa, wasilisha malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna, kwa mdomo au kwa maandishi, au kupitia tovuti odpc.go.ke. Sheria inataka uchunguzi ukamilike katika siku 90.

Nawe mwenye duka, kagua leo kamera zako zinaelekea wapi, na ni nani anayeziangalia.