Unamcha Mungu, au Unamwogopa?



Mwezi huu tunataka kuzungumza nanyi juu ya hofu, na tutaanzia jikoni, kwenye debe la unga. Mwaka 2016 mama mmoja wa kwaya, mwenye mimba ya miezi mitano, alikuwa akificha kopo la vidonge ndani ya debe la sembe, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Vilikuwa vidonge vya kufubaza virusi vya UKIMWI. Alikuwa amepimwa kliniki alipokwenda kuandikisha mimba, akakutwa na maambukizi, akapewa dawa siku hiyo hiyo. Kila usiku saa tatu alitakiwa kumeza kidonge kimoja. Lakini mama mkwe wake alikuwa amekuja kutoka kijijini kumsubiri mjukuu, naye ni mzee wa kuchelewa kulala. Usiku ambao mzee alikaa macho, debe halikufunguliwa. Na usiku wa namna hiyo ulikuwa mwingi.

Mama huyo ameturuhusu tusimulie habari zake, nasi tumebadilisha mambo mawili matatu ili asitambulike. Sisi ni akina mama wanne wa kanisa moja tunaotembelea wagonjwa kila Alhamisi alasiri. Wawili kati yetu ni wauguzi. Hatukwenda nyumbani kwake kwa ajili ya dawa, maana siri ya mgonjwa haitoki kliniki. Ni kiapo chetu, na tangu mwaka 2008 ni sheria ya nchi. Tulikwenda kwa sababu alikuwa ameacha kuja kwaya, na sauti ya tatu ilikuwa imepwaya bila yeye. Mama mkwe alipotoka kwenda dukani, mwenyewe aliinuka, akatia mkono ndani ya debe hadi kwenye kiwiko, akatuwekea lile kopo mezani likiwa jeupe kwa unga.

Tulidhani angetuambia kwamba anamwogopa mama mkwe, au mumewe aliyekuwa kazini machimboni. Ni kweli aliwaogopa. Lakini jambo la kwanza alilosema lilikuwa jingine. Alisema tangu aanze dawa anaota ndoto za kutisha: anakimbizwa, anaanguka, anaitwa jina lake kwa ukali. Alikuwa amemsikia mhubiri mmoja katika mkutano wa hadhara akisema kwamba ugonjwa huu ni fimbo ya Mungu, na aliyepigwa asithubutu kuushika mkono unaompiga. Basi akajumlisha ndoto na mahubiri, akapata jibu lake. "Mungu ananionya," alisema. "Mimi namcha Mungu, mama zangu. Ndiyo maana naogopa."

Habari ya ndoto sisi wauguzi tuliweza kuijibu mara moja. Kidonge kilichotumika miaka ile kilikuwa na dawa iitwayo efavirenzi, ambayo huleta ndoto kali na kizunguzungu, hasa wiki za mwanzo. Ndiyo maana wagonjwa waliambiwa waimeze wakati wa kulala. Kuanzia mwaka 2019 hapa Tanzania dawa hiyo imekuwa ikibadilishwa kwa nyingine, dolutegravir, na malalamiko ya ndoto yamepungua sana. Haikuwa sauti ya Mungu. Ilikuwa dawa inafanya kazi yake na kuleta usumbufu wake. Tulipomweleza alicheka kidogo, mara ya kwanza siku ile.

Lile neno lake la pili ndilo lililotufunga midomo.

MANENO MAWILI, SIYO MOJA

Kiswahili chetu kimetutajirisha kwa jambo hili. Mbwa mkali tunamwogopa, askari tunamwogopa, giza tunaliogopa. Mungu tunamcha. Hakuna asemaye kwamba anamcha mbwa. Wahenga waliposema "mcha Mungu si mtovu" hawakumaanisha kwamba mwenye kutetemeka hatapungukiwa. Walimaanisha yule anayempa Mungu heshima yake na kushika analolitaka. Anayeogopa hukimbia au hujificha, kama Adamu nyuma ya miti ya bustani. Mwenye kucha husogea karibu, kwa adabu, akitaka kujua Bwana wake anapenda nini.

Musa alisema mambo yote mawili kwa pumzi moja pale Sinai, katika Kutoka 20:20. Watu wameona umeme na moshi, wamerudi nyuma, wanaomba Mungu asiseme nao moja kwa moja. Musa akawaambia wasiogope. Kisha papo hapo akawaambia kwamba Mungu amekuja ili kicho chake kiwe mbele yao, wasitende dhambi. Kama maana ingekuwa moja, Musa angekuwa anajipinga mwenyewe.

Naye Bwana Yesu, katika Mathayo 10, aliwaambia wanafunzi wasiwahofu wauao mwili, bali wamhofu Mungu mwenye uwezo juu ya mwili na roho. Wahubiri wengi huishia hapo, wakapiga meza. Msomaji, endelea mstari unaofuata! Hapo anawataja shomoro, ndege wa bei ndogo kabisa sokoni, ambao hata mmoja haanguki Baba asijue. Anataja nywele za kichwa zilizohesabiwa. Anamaliza kwa kuwaambia wasiogope. Huyo anayestahili kuchwa kuliko wote ndiye anayewahesabu shomoro.

Kuhusu fimbo, tulimsomea yule mama Yohana 9. Wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakataka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili. Hatusemi kwamba dhambi haina matokeo. Tunafanya kazi wodini na tunayaona. Tunasema tu kwamba hakuna aliyetupa sisi kazi ya kumwandikia mgonjwa hukumu kwenye kadi yake ya kliniki.

WAKUNGA WAWILI MBELE YA FARAO

Mmoja wetu, mzee kuliko sisi na asiye muuguzi, ndiye aliyefungua Kutoka sura ya 1. Tunakiri kwamba sisi wakunga tumezipenda habari hizi tangu chuoni, lakini hatukuwahi kuzifikiria kwa namna ile.

Farao anawaita wakunga wawili wa Waebrania, Shifra na Pua. Anawaamuru: mkizalisha, mtoto akiwa wa kiume muueni. Biblia inasema walimcha Mungu, wasifanye neno la mfalme. Ona neno lililotumika. Haikuandikwa kwamba walikuwa jasiri, wala kwamba hawakutetemeka. Nani asingetetemeka? Farao alikuwa na majeshi na magari. Wao walikuwa na mikono yao na kiti cha kuzalia. Wakaitwa tena kujieleza, wakajibu kwamba wanawake wa Kiebrania wana nguvu, hujifungua kabla mkunga hajafika. (Wapo wanaobishana kama ule ulikuwa uongo. Sisi tuliowapokea watoto kwenye ngazi za hospitali na ndani ya bajaji hatuna haraka ya kuwahukumu.) Jambo jingine: Farao yule, pamoja na ukuu wake wote, hakutajwa jina katika sura ile. Wakunga wametajwa.

Yule mzee akamwambia mama wa kwaya, "Mwanangu, Shifra aliweka Farao upande mmoja na Mungu upande mwingine, akaangalia nani mkubwa. Mungu alimtaka nini? Alimtaka mtoto aishi. Basi. Wewe una mtoto tumboni. Mungu unayemcha anataka nini juu yake?"

Mama alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza swali la kitaalamu, akitutazama sisi wauguzi: "Hivi kweli hizi dawa zinamwokoa mtoto?"

TULIYOMJIBU

Tulimjibu kwa namba, maana namba hizi tunazijua na ni habari njema. Mama mwenye VVU asipopata dawa yoyote, kati ya watoto 100 wa akina mama wa hali yake, 15 hadi 45 huambukizwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Mama akimeza dawa kila siku na mtoto akapewa ya kwake, hubaki chini ya 5. Haikuwa hivyo zamani. Ugonjwa huu ulitambuliwa hapa Tanzania mwaka 1983, mkoani Kagera, na kwa miaka mingi mkunga hakuwa na la kumpa mama isipokuwa kumshika mkono. Mwaka 1999 watafiti walitangaza kutoka Kampala kwamba dozi moja ya nevirapini kwa mama wakati wa uchungu, na matone kwa mtoto baada ya kuzaliwa, hupunguza maambukizi karibu nusu ikilinganishwa na dawa iliyokuwapo. Mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zikaanza kutolewa bure nchini. Tangu mwaka 2013 kila mjamzito mwenye maambukizi huanzishiwa dawa za kila siku za maisha yote, bila kusubiri augue.

Lakini hazifanyi kazi zikiwa ndani ya unga. Kidonge kikirukwa mara kwa mara virusi huamka, na wakati mwingine huizoea dawa ile isifae tena. Tulimwambia wazi, bila kumpamba.

Hapo tuliona ni haki nasi tueleze hofu yetu, maana si vema kumhubiria mtu juu ya woga kana kwamba sisi hatuujui. Tulipoanza kazi, katika hospitali moja, tulikuwa tukivaa glavu jozi mbili kwa akina mama fulani na jozi moja kwa wengine. Tulinong'onezana kwenye korido. Mmoja wetu alichomwa na sindano usiku wa zamu. Alianza dawa za kinga mapema, kabla ya saa 72 kwisha kama inavyotakiwa, akameza siku 28. Shuleni tulifundishwa kwamba kati ya wahudumu 1000 waliochomwa sindano yenye virusi, bila hata dawa za kinga, wanaoambukizwa ni kama 3. Alilijua hilo, na bado hakulala. Baada ya hapo alikuwa akitafuta kila sababu ya kutokwenda kitanda cha mgonjwa wa aina ile. Aliona aibu kwa jambo moja: aliimba kwaya Jumapili na kumwita Mungu mtakatifu, halafu Jumatatu akampita mtu wa Mungu kwa mbali. Woga wa sindano ulimwacha polepole, si kwa siku moja. Anasema mpaka leo, kabla ya kumgusa mgonjwa yeyote, husema moyoni, "Huyu ni wako." Kisha huvaa glavu, jozi moja, kama kwa kila mtu.

MAMA MKWE

Tungependa kuwaambia kwamba jioni ile ile mama wa kwaya alimweleza mama mkwe, wakakumbatiana. Haikuwa hivyo. Ilipita wiki tatu. Kwanza alianza kumeza dawa chooni. Baadaye akahamishia wakati wa sala ya usiku, kwa kuwa saa tatu ndipo nyumba ile ilipozoea kusali: anatoka sebuleni, anameza, anarudi kusali. Wasomaji wenye hali kama hiyo, kuifunga dawa kwenye jambo la kila siku husaidia.

Usiku mmoja mama mkwe alimwuliza mbele ya Biblia iliyofunguliwa anakwenda kufanya nini kila siku saa ile. Mama wa kwaya anasema magoti yaligongana. Alimwambia. Mzee alifunga Biblia, akaenda kulala bila kusali, na kwa siku nyingi hakumsemesha zaidi ya salamu. "Shikamoo mama." "Marahaba." Basi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua, lakini hawakusema kwamba mfichuaji hupigiwa vigelegele.

Mume alipopigiwa simu alikasirika, akakaa miezi miwili bila kutuma fedha ya matumizi. Aliporudi alikataa kupima mpaka mtoto alipozaliwa. Majibu yake ni siri yake.

Mtoto alizaliwa hospitali, wa kike, kilo 3 na kidogo. Alipewa matone yake ya nevirapini wiki sita, akanyonya maziwa ya mama peke yake miezi sita. Kipimo cha kwanza kilichukuliwa akiwa na wiki sita: tone la damu ya kisigino kwenye karatasi maalumu iliyopelekwa maabara. Kungoja jibu ndiko kulikomrudishia mama ndoto, safari hii bila msaada wa dawa. Tulikwenda kila Alhamisi. Hatukuwa na neno jipya. Tulisali, tukala mihogo, tukaosha vyombo, tukaondoka.

Jibu lilikuja safi. Hata hivyo mtoto anayenyonya bado yumo safarini, na kipimo cha mwisho hufanywa akiwa na miezi 18, akishaachishwa ziwa. Siku hiyo mama alikuja kliniki na bibi mtu amembeba mtoto mgongoni. Mmoja wetu alikuwa zamu. Jibu liliposomwa, mama alikaa kwenye benchi akafunika uso kwa ukanga. Bibi hakusema kitu. Alifungua mkoba wake, akatoa chupa ya maji na kikombe cha plastiki, akamimina, akampa mkwewe. Kisha akatusogelea, akauliza kwa sauti ya chini kama na yeye, katika umri wake, anaweza kupimwa, kwa sababu mumewe alifariki mwaka 1998 na hakuna aliyemweleza kwa nini.

Tulimpa kiti, tukamwandika jina.