M-Pesa ilikua kwa kujaribiwa: Somo kwa mifumo ya Jumuiya

Mfumo wa fedha kwa simu unaotumiwa leo na mamilioni ya watu kuanzia Nairobi na Dar es Salaam hadi Kinshasa haukubuniwa kwa kazi unayoifanya sasa. M-Pesa ilibuniwa ili mkopaji mdogo alipe marejesho yake kwa simu. Kutumiana fedha ni jambo ambalo wateja walilianzisha wenyewe.

Historia hiyo ina uzito wakati huu ambapo nchi za Afrika Mashariki zinatafuta namna ya kuunganisha mifumo yao ya malipo. Swali ni lilelile linalowagawa wahandisi wa programu za kompyuta kila mahali: je, mfumo uchorwe wote mezani kabla ya kujengwa, au uanze mdogo na kurekebishwa kadiri watu wanavyoutumia?

Jaribio la M-Pesa lilianza Oktoba 2005 nchini Kenya. Vodafone ya Uingereza ilishirikiana na Safaricom pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya, na sehemu ya gharama ikalipwa na serikali ya Uingereza. Wateja hawakufika 500, na maduka ya mawakala yalikuwa manane.

Mambo hayakwenda kama yalivyopangwa. Mikopo ya Faulu ilitegemea vikundi ambavyo wanachama wake hukutana na kudhaminiana. Mwanachama alipoweza kulipa kwa simu, haja ya kuhudhuria kikao ilipungua. Watunza hesabu wa taasisi nao walipata kazi ngumu ya kuoanisha malipo ya simu na vitabu vyao.

Wakati huohuo wateja walikuwa wakiutumia mfumo kwa njia zao. Wapo waliowatumia jamaa fedha. Wenye biashara waliweka mauzo ya siku kwenye simu ili wasilale na fedha taslimu. Wasafiri nao waliweka fedha kwa wakala mahali walipoanzia safari na kuzitoa walikofika, wasije wakaibiwa njiani.

Wasimamizi wa mradi, Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, waliyaona hayo. Suala la mikopo likawekwa kando, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ikabaki na mambo machache: kuweka, kutuma na kutoa fedha, pamoja na kununua muda wa maongezi. Kabla ya mwaka kwisha, waliojisajili walikuwa wamepita milioni moja.

Wahenga walisema kupotea njia ndiyo kujua njia. Katika fani ya programu, mtazamo huo ulipata tamko lake Februari 2001, pale wataalamu 17 walipokutana Utah, Marekani, na kukubaliana kwamba kuitikia mabadiliko kuna thamani kuliko kung'ang'ania mpango.

Serikali ileile ya Uingereza iliyochangia jaribio dogo la Kenya ilikuwa na mradi wa aina nyingine nyumbani kwake. Mwaka 2002 ilianzisha mpango mkubwa wa kompyuta kwa huduma za afya, uliokadiriwa kugharimu zaidi ya pauni bilioni 11 na kuelekezwa kutoka juu. Mwaka 2011 ilitangaza kuuvunja. Kosa katika maduka manane hurekebishwa kwa gharama ndogo. Likiwa limekwishasambazwa nchi nzima, gharama yake humwangukia mlipakodi.

Lakini hata mfumo uliokua vizuri mahali pamoja hauhamishwi kama gunia. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, ilipata wateja takriban 280,000 katika miezi 14, wakati Kenya ilifikisha milioni 2.7 katika muda kama huo. Soko la simu la Tanzania lilikuwa limegawanyika baina ya kampuni kadhaa na watu wake wametawanyika zaidi, hivyo mtandao wa mawakala na bei vikabidi kupangwa upya. Afrika Kusini, ambako benki zimeenea, huduma hiyo ilizinduliwa mwaka 2010 kwa lengo la wateja milioni 10 katika miaka mitatu. Ilifungwa Juni 2016.

Si kila kitu ni cha kujaribu

Hata hivyo, lingekuwa kosa kuhitimisha kwamba mpango hauna kazi. Shilingi ya kwenye simu ilitakiwa tangu mwanzo iwe na shilingi halisi benki, na kila muamala uandikwe na ulindwe kwa namba ya siri. Hayo hayakuachwa yajitokeze. Mteja anaweza kuvumilia menyu inayobadilika, lakini hawezi kuvumilia salio linalopotea.

Ukuaji usio na ramani nao una bei yake. Kila kampuni ilijenga mfumo wake na kuuzungushia ukuta. Ilichukua hadi mwaka 2014 kwa baadhi ya kampuni za Tanzania kuruhusu wateja wao kutumiana fedha moja kwa moja, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Kenya ilifika hapo mwaka 2018.

Katika ngazi ya Jumuiya, njia iliyotangulia ni ya mpango: Mfumo wa Malipo wa Afrika Mashariki, EAPS, unaounganisha mifumo ya benki kuu. Huo hupitia benki. Mchuuzi wa nyanya wa Namanga au Busia, ambaye benki yake ni simu, anahitaji kitu kingine.

Kwa uzoefu wa miaka 20 ya M-Pesa, mambo machache ndiyo yanayofaa kukubaliwa mapema kati ya nchi na nchi: usalama wa fedha, utambulisho wa mteja, kanuni ya kubadilisha sarafu, na nani anawajibika muamala ukikwama. Yaliyobaki yanaweza kuanzia kwenye mpaka mmoja, kwa mawakala wachache na viwango vidogo, huku wenye mamlaka wakitazama wafanyabiashara wanautumiaje mfumo. Wateja wasiofika 500 wa mwaka 2005 walionyesha matumizi ambayo hayakuwamo kwenye mpango wa wataalamu, na wachuuzi wa mpakani wanaweza kufanya vivyo hivyo wakipewa nafasi.